Mtoto wangu damu haigandi: je, familia ya mfalme wa Urusi waliishije na ugonjwa huu vitani na kifungoni?

SWALI: "Shikamoo daktari. Nina mtoto wa kiume ana miaka 6, alipotahiriwa alivuja damu siku mbili mpaka akaongezewa damu, baadae tukaambiwa ni himofilia. Goti lake la kulia linavimba mara kwa mara, likivimba nampa diclofenac ya duka la dawa. Juzi nimeangalia kipindi kinasema mfalme wa mwisho wa Urusi alikuwa na mtoto mwenye ugonjwa huuhuu, wakafungwa wakauawa wote, na kulikuwa na mtu wa maombi alikuwa anaizuia damu yake. Mama mkwe anasema mimi ndo nimeleta huu ugonjwa kwenye ukoo wao, na hapa mtaani kuna mtu anasema akimwombea itaisha. Shuleni sijamwambia mtu. Naomba nieleze ukweli wa ile familia, yule mama alimleaje mtoto wa hivyo wakati wa vita na kifungoni, yule mwombaji aliweza kweli? Na mimi nifanyeje. Nina na binti wa miaka 11."

JIBU: Marahaba mama. Nimelisoma swali lako na naona chini ya hiyo habari ya Urusi kuna kitu kingine unauliza, yaani kama wewe ndo mkosaji na kama ni sawa kuendelea kumficha mtoto. Ntakujibu yote, ila kabla hatujaingia ikulu ya mtu yeyote naomba hiyo diclofenac iache leo, sio kesho. Diclofenac, ibuprofen na aspirin zinazidhoofisha zile chembe ndogo za damu zinazokimbilia kuziba jeraha, sasa mtoto ambaye tayari damu yake inachelewa kuganda ukimpa hivyo vidonge unamwongezea kuvuja ndani ya goti huku ukidhani unamtuliza. Maumivu mpe paracetamol kwa dozi ya uzito wake, goti lipumzishwe, liinuliwe, liwekewe barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, afu mtoto apelekwe hospitali.

Sasa ugonjwa wenyewe. Damu kuganda ni kazi ya protini nyingi zinazoamshana moja baada ya nyingine, kama watu waliopanga mstari wakipokezana ndoo kuzima moto, akikosekana mmoja katikati ndoo haifiki. Kwenye himofilia A inayokosekana ni fakta namba 8, kwenye himofilia B ni namba 9. Watu wanadhani mtoto wa hivi akikwaruzwa na mwiba atakufa, si kweli, mikwaruzo ya juu mara nyingi inafunga ukiikandamiza. Shida kubwa iko ndani, kwenye magoti, vifundo vya miguu, viwiko, misuli ya paja na kinena, na hatari kuliko zote ni kichwani. Damu ikijaa kwenye goti mara kwa mara inalila, mwisho mguu unabaki umekunjika.

Mtoto unayemuulizia anaitwa Alexei, mtoto wa Tsar, yaani mfalme, Nicholas wa Pili na malkia Alexandra. Alizaliwa Agosti 1904 baada ya wasichana wanne mfululizo, Olga, Tatiana, Maria na Anastasia, na kwa sheria yao mrithi wa kiti alikuwa wa kiume, so unaweza kufikiria ile furaha. Wiki sita hivi baadae kitovu kikaanza kuvuja damu. Mama yake alielewa haraka kuliko wengi maana alishauona ugonjwa huu: kaka yake Friedrich alianguka dirishani mwaka 1873 akavuja mpaka akafa akiwa bado mtoto mdogo tu wa miaka 2, mjomba wake Leopold alikufa 1884 baada ya kuanguka, na dada yake Irene alikuwa na watoto wawili wa kiume wenye himofilia, mmoja amekufa mwaka huohuo wa 1904. Chanzo cha mnyororo wote ni bibi yao, malkia Victoria wa Uingereza, na mwaka 2009 wanasayansi walipima mabaki ya familia ya Alexei wakathibitisha ni himofilia B.

Na hapa tuongelee maneno ya mama mkwe. Kasoro inakaa kwenye kromosomu X. Mwanaume anayo X moja tu na anaipata kwa mama, mwanamke anazo mbili, kwahiyo moja ikiwa na kasoro nyingine inambeba. Mama mwenye kasoro kila akipata mtoto wa kiume kuna nusu kwa nusu awe mgonjwa, na kila akipata wa kike nusu kwa nusu awe mbebaji. Hakuna anayechagua. Na kama theluthi moja ya wagonjwa hawana historia yoyote kwenye ukoo, kasoro imeanza upya tu, kama inavyoaminika ilivyoanza kwa Victoria. Watu husema ugonjwa wa wafalme ulitokana na ndugu kuoana, sio hivyo, Nicholas angeoa au asingeoa ndugu, ile X ilikuwa ya Alexandra. Ila kubeba si kukosa, mama. Alexandra alijilaumu maisha yake yote na ile lawama haikumpunguzia mtoto hata tone moja la damu. Ukiona inafaa, nenda kliniki na mume wako, mama mkwe naye aje asikie kutoka kwa daktari, maana saa zingine mzee anatafuta tu maelezo na hajayapata.

Kosa kubwa la ile nyumba kwa maoni yangu ni siri. Ugonjwa wa Alexei haukutangazwa kwa wananchi. Hata Pierre Gilliard, mwalimu wao wa Kifaransa kutoka Uswisi, alifundisha wale wasichana miaka kadhaa bila kuambiwa mdogo wao anaumwa nini hasa. Matokeo yake ni kwamba Warusi waliona malkia anayejifungia, asiyecheka hadharani, anayekaribisha ndani mkulima wa Siberia mwenye sifa mbaya, na hakuna aliyejua kwamba ni mama asiyelala usiku. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza 1914, Urusi ikipigana na Ujerumani, wakasema ni jasusi wa Wajerumani kwa sababu kazaliwa Ujerumani. Ushahidi wa ujasusi haujawahi kupatikana, na barua zake kwa mumewe vitani, mamia kwa mamia, aliziandika Kiingereza, lugha aliyokulia nayo kwa bibi yake.

Huyo mkulima ndo Grigori Rasputin, mwombaji unayemuulizia. Tukio kubwa ni la vuli ya 1912 huko Spala, Poland. Mtoto alikuwa amejigonga, wakampandisha kwenye gari la farasi, njia mbovu, damu ikafumuka kwenye paja na kinena, siku kumi za kupiga kelele, mpaka akapewa sakramenti ya mwisho. Mama akampigia simu ya maandishi Rasputin aliyekuwa mbali kabisa Siberia, jibu likaja kwamba mtoto hatakufa na madaktari wasimsumbue sana. Baada ya hapo akaanza kupata nafuu kweli. Sasa kitaalamu damu inayovuja kwenye nafasi iliyofungwa hufika mahali ule mgandamizo wenyewe unaibana, na siku za namna hiyo huwa ndo siku ambayo wazazi wamekata tamaa wanaita kila mtu. Pia kumwacha mtoto atulie, bila kumpapasa paja kila saa, inasaidia, na mama aliyetulia hutuliza mtoto. Wapo watafiti wanaodhani ile aspirin iliyokuwa dawa mpya ya sifa enzi hizo nayo ilitumika ikulu, so kuwaondoa madaktari kungemsaidia kwa hilo pia, ila hiyo ni dhana. Lenye uhakika ni hili: Rasputin hakumponya. Mguu ulichukua karibu mwaka kunyooka, na damu iliendelea kuvuja miaka yote iliyofuata.

Nakuambia haya sio kukukataza kuomba. Omba mama, na huyo jirani akija kuomba na nyinyi ni sawa kama hapokei hela na hasemi muache hospitali. Akisema moja ya hayo mawili, mfunge mlango.

Wakati wa vita ile familia iliishi maisha ambayo wengi hawayategemei. Alexandra, Olga na Tatiana walisomea unesi kwa Dk. Vera Gedroits, daktari bingwa wa upasuaji, kwenye hospitali ya Tsarskoe Selo, wakafaulu mitihani mwishoni mwa 1914 wakawa wanaingia chumba cha upasuaji. Malkia alishika vyombo, alipokea miguu na mikono iliyokatwa, alifunga vidonda vyenye harufu. Maria na Anastasia walikuwa bado wadogo, wao walienda kucheza karata na majeruhi na kuwaandikia barua nyumbani. Mimi kama daktari naona pale Alexandra alipata kitu alichokosa chumbani kwa mwanae, vidonda ambavyo ukivifunga vinafungika.

Nicholas alipojichukulia uongozi wa jeshi 1915 akahamia Mogilev, kwenye makao makuu ya jeshi, na Oktoba akamchukua Alexei, miaka 11, wakalala chumba kimoja kwenye vitanda vya kijeshi, wanasali pamoja usiku. Mama aliyezoea kuhesabu kila hatua ya mtoto alikubali. Desemba mtoto akapata mafua, akapiga chafya, pua ikaanza kuvuja na haikukoma, ikabidi warudishwe na treni huku amepauka kama nta. Madaktari walifanikiwa kuchoma ule mshipa ukafunga, mama sifa akampa Rasputin. Ila Alexei alirudi tena Mogilev baadae, na hilo nataka ulishike. Kabla ya vita Gilliard aliwaomba wazazi wampunguzie ulinzi, maana mtoto alikuwa na walinzi wawili mabaharia nyuma yake kila sekunde na akili inadumaa. Wakakubali. Siku si nyingi akapanda kwenye kiti cha darasani, akateleza, akapiga goti la kulia, kesho yake hawezi kutembea. Gilliard alitegemea kufukuzwa, lakini wazazi hawakumlaumu hata kidogo. Wale waliokosea mengi kuhusu nchi, pale walikuwa sahihi kabisa.

Machi 1917 mapinduzi yakaja huku watoto wote wanaugua surua, mmoja baada ya mwingine. Baba yuko mbali, ikulu imezungukwa na wanajeshi walioasi, na usiku mmoja Alexandra alitoka na Maria kwenye theluji kuongea na walinzi waliobaki, Maria naye akaangukia surua na nimonia. Tarehe 15 Machi huko Pskov, ndani ya treni, Nicholas alikuwa tayari kumwachia kiti mwanae, akamuuliza Profesa Fedorov, daktari wa upasuaji, amwambie ukweli kuhusu Alexei. Akaambiwa ugonjwa hauna tiba. Nicholas akabadilisha uamuzi akajiuzulu kwa niaba yake na ya mtoto pia, kwa kuwa asingekubali kutenganishwa naye. Goti la mtoto wa miaka 12 likaingia kwenye historia ya nchi nzima namna hiyo.

Kifungo cha kwanza kilikuwa nyumbani kwao Tsarskoe Selo. Walilima bustani ya mboga mbele ya ikulu, wakapanda kabichi, Nicholas alikata miti na kupasua kuni. Wasichana nywele zilianza kupukutika baada ya surua wakanyolewa vipara, kuna picha yao hiyo. Wazazi wakawa walimu, baba historia na jiografia, mama dini. Wanajeshi walimnyang'anya Alexei bunduki yake ya kuchezea akalia sana, kamanda Kobylinsky akamrudishia vipande vipande kwa siri. Uingereza ilikuwa imekubali kuwapokea halafu mfalme George wa Tano, binamu wa Nicholas na wa Alexandra, akarudi nyuma.

Agosti 1917 wakahamishiwa Tobolsk, Siberia, kwa treni halafu meli, na ile meli ikapita mbele ya kijiji cha Rasputin ambaye alishauawa Desemba 1916. Baridi ya kule inaingia mpaka kwenye mifupa. Mama alifuma soksi na kushona viraka, watoto waliigiza michezo jioni, wakajenga kilima cha barafu uani wateleze, walinzi wakakibomoa. Mwanzoni mwa 1918 wakapunguziwa chakula wakawekwa kwenye mgao wa askari, na watu wa mji na masista wa kitawa walikuwa wanawaletea mayai na vitu vitamu.

Aprili 1918 Alexei akavuja tena kinenani, vibaya kuliko wakati wowote tangu Spala. Alikuwa na kikohozi kikali, na wapo waliosimulia pia mchezo wa kuteleza ngazini ndani ya nyumba. Wakati amelala hivyo, hawezi kuweka mguu chini, akaja mjumbe wa serikali kusema Nicholas anahamishwa. Alexandra akatakiwa kuchagua, amwache mume aende peke yake au amwache mtoto kitandani. Alitembea chumbani masaa kwa masaa, Gilliard aliyekuwepo anasimulia hajawahi kumwona hivyo. Mwisho akaenda na mume na Maria, mtoto akabaki mikononi mwa Tatiana, miaka 20, yule aliyejifunza unesi vitani. Mimi sioni pale mama mbaya. Naona mama aliyekuwa na mtu mwingine anayejua kumtunza mtoto, ndo maana akaweza kuondoka, na hilo wewe bado huna.

Huku nyuma wasichana walipata ujumbe kutoka Ekaterinburg, mji walikopelekwa wazazi, kwamba dawa zipangwe kama ilivyokubaliwa. Dawa maana yake vito. Wakakaa siku nyingi wakishonea almasi ndani ya nguo, kofia na vifungo. Mwishoni mwa Mei wakafuata, Alexei akibebwa na Nagorny, baharia aliyemlea. Usiku wa kwanza tu kwenye nyumba ya Ipatiev, walikofungwa, Alexei akajigonga goti, akaanza upya. Nagorny alichukuliwa siku chache baadae, alikuwa amewagombeza walinzi waliotaka mkufu wa dhahabu wa mtoto wenye sanamu zake za sala, wakampiga risasi.

Nyumba ile madirisha yalipakwa chokaa, uzio mrefu wa mbao mara mbili, hata kwenda chooni ni kusindikizwa na walinzi. Dk. Botkin, daktari wa familia ambaye angeweza kujiondokea, aliandika barua kuwaomba wakubwa wawaruhusu wale walimu waje kusaidia kumhudumia mtoto kwa kuwa waliomo wamechoka kukesha naye, wakakataa. Dk. Derevenko aliruhusiwa kuja mara chache, akamfunga goti kwa plasta. Wasichana walijifunza kuoka mikate jikoni kwa mpishi Kharitonov. Kwenye daftari lake mama aliendelea kuandika kila siku Baby, ndivyo alivyomwita Alexei, kalalaje, kala nini, Baby mwenyewe ana miaka 13. Baba naye, maandishi yake ya mwisho kabisa, 13 Julai 1918, yanasema Alexei ameoga kwa mara ya kwanza tangu Tobolsk, goti linaendelea vizuri ila bado halinyooki lote.

Usiku wa kuamkia 17 Julai waliamshwa wakashushwa chini, Nicholas akiwa amembeba mwanae, wakauawa wote saba pamoja na Botkin, Kharitonov, mtumishi Trupp na msaidizi wa kike Demidova. Undani wake sikuandikii. Kama kipindi kilikuambia Anastasia alitoroka, hapana, mabaki ya wote yamepatikana, mengi yalifukuliwa 1991 na mawili ya mwisho yalionekana 2007, vipimo vimethibitisha.

Turudi kwako. Alexandra hakuwa na sindano ya fakta, duniani haikuwepo. Wewe ipo. Kama uko Tanzania anzia hospitali ya taifa Muhimbili, wana kliniki ya himofilia, Kenya kuna Kenyatta na Moi kule Eldoret, na hospitali ya rufaa iliyo karibu inaweza kukuandikia barua. Nisikudanganye, fakta ni ghali na nyingi tunayotumia kwetu ni ya msaada kutoka nje, kuna wakati inapungua. Kuchomwa kila wiki ili asivuje kabisa ni bora kuliko kusubiri avuje, ila uwezekano unategemea akiba iliyopo. Hata hivyo kusajiliwa peke yake kunakupa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, namba ya kupiga usiku na kadi ya kutembea nayo. Ulizia hasa aina yake ni A au B na kiwango ni asilimia ngapi, andika.

Akigonga kichwa usisubiri dalili, nenda saa hiyohiyo hata kama anacheka. Hivyohivyo shingo au koo kuvimba, tumbo kuuma sana, choo cheusi, maumivu ya kinena au paja na hataki kunyoosha mguu, yale ya Spala. Asichomwe sindano ya msuli wala kung'olewa jino kabla kliniki haijajua.

Shuleni kamwambie mwalimu wa darasa na mwalimu mkuu wiki hii, mpe kila mmoja karatasi yenye jina la ugonjwa, namba yako na namba ya kliniki. Mtoto acheze, aogelee kama kuna mahali salama, mpira wa kukwaana miguu ndo aukwepe. Kuna siku ataumia tu na haitakuwa kosa la mwalimu.

Binti naye nenda naye siku hiyohiyo apimwe kiwango cha fakta kabla hajavunja ungo, maana baadhi ya wasichana wabebaji wanatokwa damu nyingi sana kwenye hedhi na watu wanadhani ni kawaida. Majibu ya wote wawili yakitoka niandikie, pamoja na uzito wa mtoto na goti likoje kwa sasa, linanyooka lote au linaishia njiani.